"Out of sync": kupishana si kugombana



Katika kazi ya kujenga amani tunapokea barua nyingi za Kiingereza. Leo tunaeleza msemo mmoja uliowahi kututia taabuni.

Mwenzetu wa ng'ambo alituandikia kwamba sisi na yeye tuko "out of sync". Tulitafsiri haraka: "hatupatani". Baadhi yetu walikasirika, wakauliza tumemkosea nini. Kumbe alitaka kusema tu kwamba ripoti zetu zinamfikia wakati amekwisha kufunga hesabu za mwezi.

Maana yake ni nini?

"Sync" ni kifupi cha neno lenye asili ya Kigiriki: "syn" ni pamoja, "khronos" ni wakati. Kuwa "out of sync" ni kutokwenda pamoja kwa wakati. Fikiria video ambayo mdomo unafunguka kwanza na sauti inafuata nyuma. Picha ni nzuri, sauti ni nzuri, lakini vinapishana. Kinyume chake ni "in sync". Ndugu yake ni "out of step", msemo wa gwaride: wenzako wanatoa mguu wa kushoto, wewe unatoa wa kulia.

Unatumiwa wapi?

Unatumiwa kwa saa, mitambo, mipango na watu. Hapa Kongo mfano uko karibu. Goma ikiwa saa nne asubuhi, Kinshasa ni saa tatu. Mkiagana kuongea kwa simu "saa nne" bila kutaja ya wapi, mmoja atamngoja mwingine saa nzima, naye atafikiri amedharauliwa.

Hata mapatano ya amani yanaweza kupishana. Mkataba wa Lusaka wa kusimamisha vita ulitiwa sahihi na serikali za nchi zilizohusika tarehe 10 Julai 1999. MLC ilitia sahihi tarehe 1 Agosti, na RCD tarehe 31 Agosti, kwa sababu viongozi wake walikuwa wanabishana nani ana haki ya kusaini. Karatasi ilikuwa moja, tarehe zilikuwa tatu. Lakini tusijidanganye: huko kulikuwa na ugomvi wa kweli pia, na mapigano yaliendelea. Saa peke yake haikutosha kueleza yote.

Ndiyo maana tunawaomba, mkisikia msemo huu, mjiulize maswali mawili. Je, tunataka mambo tofauti? Au tunataka jambo moja, kila mtu kwa saa yake? La kwanza linahitaji mazungumzo marefu, pengine na msuluhishi. La pili linahitaji kukaa pamoja na kupanga siku na saa.

Sisi tulimjibu mwenzetu kwa swali moja: "Unafunga hesabu tarehe ngapi?" Tangu hapo ripoti zinatangulia siku tatu.