Hank Aaron: Mfahamu mpigaji aliyevunja rekodi huku akitishiwa kuuawa

Kuna wanamichezo wanaovunja rekodi huku kila mtu akiwashangilia. Hank Aaron hakuwa na bahati hiyo. Alipoikaribia rekodi iliyoheshimiwa kuliko zote kwenye besiboli ya Marekani, barua za kumtishia kifo zilianza kumiminika. Kosa lake? Alikuwa mweusi, na rekodi ilikuwa ya mzungu.

Kama huufahamu mchezo huu, ni hivi: mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo. Ukivuka uzio wa uwanja, hiyo ni homurani. Mpigaji anazunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa na mtu, na timu yake inapata alama.

Mzungu mwenyewe alikuwa Babe Ruth, aliyestaafu mwaka 1935 akiwa na homurani 714. Kwa miaka mingi watu waliamini hakuna atakayemfikia.

Ametokea wapi?

Aaron alizaliwa Februari 5, 1934 mjini Mobile, jimbo la Alabama, enzi ambazo weusi walitengwa kisheria. Hata besiboli walikuwa na ligi zao, kwani ligi kuu iliwafungia mlango hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947.

Mwaka 1952 alichezea Indianapolis Clowns, timu ya ligi ya weusi, kisha Braves wakamsajili. Aliingia ligi kuu mwaka 1954, akiwa na miaka 20 tu. Mwaka 1957 Braves, wakati huo wakiwa Milwaukee, walitwaa ubingwa, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Alimfikiaje Ruth?

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Ruth aliwahi kupiga homurani 60 katika msimu mmoja. Aaron hakuwahi kufikisha hata 50. Msimu wake wa juu kabisa ulikuwa wa 47, mwaka 1971.

Siri yake ni kwamba hakushuka. Katika misimu 15 tofauti alipiga homurani 30 au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilijaa taratibu, bila kelele, hadi siku watu walipostuka kuona kimekaribia 714.

Mwaka wa mateso

Msimu wa 1973 uliisha akiwa na 713. Mwaka huo alipokea barua takriban 930,000. Nyingi zilimtia moyo, lakini zilikuwepo za matusi na za kumwambia aache, la sivyo atauawa. Watoto wake nao walitishiwa kutekwa. Ikabidi awekewe mlinzi.

Fikiria: unasimama peke yako mbele ya maelfu ya watu, unasubiri mpira, na hujui kama kati yao yupo aliyekuja na bunduki.

Aprili 4, 1974 alipiga ya 714. Siku nne baadaye, jijini Atlanta, mbele ya mashabiki 53,775, Al Downing wa Dodgers alimrushia mpira katika raundi ya nne. Aaron akaupiga, ukavuka uzio. 715!

Akiwa anazunguka vituo, vijana wawili wakaruka uwanjani na kumkimbilia. Kumbe walitaka kumpongeza tu. Mama yake alishuka na kumkumbatia kwa nguvu. Aaron mwenyewe hakujigamba. Alimshukuru Mungu kwamba jambo lile limekwisha.

Kilichobaki

Alistaafu mwaka 1976 akiwa na homurani 755. Barry Bonds alimpita mwaka 2007, ingawa mjadala wa dawa za kuongeza nguvu bado unamwandama Bonds. Lakini hadi leo hakuna aliyeiletea timu alama nyingi kwa gongo kama Aaron: 2,297.

Na ukizifuta homurani zake zote, bado anabaki na mipigo safi zaidi ya 3,000, idadi ambayo ni wachache sana wameifikia.

Zile barua za chuki hakuzichoma. Alizitunza kwa miaka mingi, ili asisahau alilipa nini kwa rekodi ile. Alifariki Januari 22, 2021, akiwa na miaka 86.