Unakwenda Nakivale? Anza na karatasi, kisha soko

ISINGIRO, Uganda. Mfanyabiashara anayetoka Kyerwa, Tanzania, huvuka Murongo na kuingia Kikagati, kisha hufuata barabara ya Mbarara. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo wilayani Isingiro, katika ukanda huo huo. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Warwanda na Wasomali, na wengi wao ni wateja.

Hata hivyo, Nakivale si gulio la kawaida. Makazi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Jitambulishe kwanza kwa uongozi wa makazi, Base Camp, ndipo utandaze bidhaa.

Mpakani, mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupata cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha, mradi bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha. Kitenge cha China hakimo. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Badilisha fedha Mbarara. Hapo salamu ni "Agandi". Nakivale, Kiswahili kitakufikisha kwa Wakongo wengi. Dereva wa Kongo, Rwanda au Burundi akumbuke: Uganda huendesha kushoto.

La mwisho: ukikopesha, usishike kadi ya mkimbizi kuwa rehani. Kwa kadi hiyo hutambuliwa na kupokea msaada. Deni la sabuni lisilaze watoto njaa.