Bwawa Lupepo: Mvua Pekee Haitoshi

Katika kata ya Lupepo na maeneo mengine yanayozunguka Tukuyu, wilayani Rungwe, mwekezaji haulizi kama maji yapo. Miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Swali la kibiashara ni kama bwawa kubwa litalipa gharama zake, na jibu hutolewa na upembuzi yakinifu.

Hesabu ya kwanza ni ya mto. Maji hupimwa kwa miaka kadhaa, masika na kiangazi, kwa sababu mapato hutegemea mwezi mkavu. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ikianguka mita 100 hutoa takriban kilowati 800 za umeme. Mto ukipungua nusu, umeme nao hupungua nusu, lakini riba ya benki haipungui.

Mtera ni funzo. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1980, lilijengwa ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Hata hivyo, ukame ulisababisha mgawo wa umeme nchini mwaka 1992 na 1994. Ukubwa wa bwawa haukuwa dhamana.

Hesabu ya pili ni ya mwamba. Rungwe ni nchi ya volkeno iliyo katika Bonde la Ufa. Katika Daraja la Mungu, Mto Kiwira hupita chini ya mwamba wa volkeno, jambo linaloonyesha jinsi mawe hayo yanavyoweza kupitisha maji. Kwa hiyo ni lazima kuchoronga miamba na kupima hatari ya matetemeko. Msingi unaovuja huzibwa kwa saruji, na bei ya kazi hiyo haijulikani mpaka uchorongaji ufanyike.

Hesabu ya tatu ni ya ardhi. Wilayani Rungwe, bonde linalofunikwa na maji huweza kuwa shamba la chai, migomba, kahawa au malisho ya ng'ombe wa maziwa. Hayo ni mapato ya kila wiki au kila msimu. Fidia isiyoyahesabu huufanya mradi uonekane rahisi kuliko ulivyo.

Palipo na mito isiyokauka, njia mbadala ni kuchepusha maji bila kuyalimbikiza. Mradi wa Mwenga, Mufindi, wa megawati 4, ulianza mwaka 2012 kwa mtindo huo. Umeme wake huuzwa TANESCO na pia hupelekwa vijijini. Mtaji huwa mdogo na ardhi inayozama ni kidogo, ingawa kiangazi uzalishaji hushuka.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye mtaji adai nyaraka nne: vipimo vya mto, matokeo ya uchorongaji, cheti cha tathmini ya mazingira kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2004, na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Aongeze mkataba wa mnunuzi wa umeme. Ikikosekana mojawapo, anachouziwa bado ni tumaini, na tumaini halina gawio.