Ukiuliza Intaneti, Pima Jibu Kabla ya Kufunga Mizigo



Siku hizi katika kambi nyingi hakosekani kijana mwenye simu ya intaneti. Mzee anamwambia: "Mwanangu, tutazamie kama njia ya kwetu imefunguka." Kijana ananunua mega, anaandika maneno mawili, na jibu linakuja kabla mzee hajavuta kiti. Shida inaanzia hapo. Mimi mwenyewe nimekasirika mara nyingi: naandika jina la kijiji, napewa hoteli ya nchi nyingine. Natafuta habari za juma hili, napewa za miaka 10 iliyopita. Mega zinaisha, na nilichotafuta sijakipata.

Hili si jambo dogo. Kwa jibu moja la simu, familia inaweza kurudi kijijini ambako bado kuna risasi, au kukimbia usiku bila sababu. Tueleze basi kwa nini majibu yanakuwa hivyo, na namna ya kujilinda.

Injini ya kutafuta inafanyaje kazi?

Injini inayotumiwa zaidi ni Google. Ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Wazo lao lilikuwa hili: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi uhesabiwe kuwa wa maana zaidi. Leo injini inaangalia mambo mengine mengi pia, lakini bado inalinganisha maneno yako na kurasa ilizokwisha kukusanya. Haina mjumbe aliyesimama barabarani kwenu. Kama hakuna mtu aliyeandika juu ya kijiji chako leo, injini haiwezi kujua habari zake. Badala ya kunyamaza, inakupa kitu kinachofanana. Injini nyingine siku hizi zinakuandikia hata jibu fupi juu ya ukurasa, na jibu hilo pia linaweza kukosea.

Mambo manne yanayotukwaza

1. Habari ya zamani inaonekana mpya. M23 iliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, ikatoka mwanzoni mwa Desemba. Iliingia tena Januari 2025. Anayeandika "M23 Goma" bila mwaka anaweza kupewa habari za mara zote mbili zimechanganyika. Vilevile mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Picha ya moto haisemi yenyewe ni ya mwaka gani.

2. Majina yanatofautiana. Mji mdogo wa Masisi unaandikwa Kitshanga, na wengine wanaandika Kitchanga. Ituri, kabla ya mwaka 2015, ilikuwa ndani ya Province Orientale. Habari nyingi za zamani ziko chini ya jina hilo.

3. Lugha. Habari nyingi za Kongo kwenye intaneti zimeandikwa kwa Kifaransa. Kurasa nyingi za Kiswahili zinatoka Tanzania na Kenya. Mkimbizi akiandika "usalama barabarani" akitaka kujua kama kuna watu wenye silaha njiani, huenda akapewa mafundisho ya Tanzania juu ya ajali za magari!

4. Pesa. Majibu mengine ya juu kabisa ni matangazo yaliyolipiwa. Yana alama ndogo ya kuonyesha hivyo, lakini kwenye simu ndogo ni rahisi kuipita. Walaghai nao wanatengeneza kurasa za kuwaahidi watu safari ya Canada au Marekani, kisha wanadai malipo. Kumbukeni: huduma za HCR ni za bure. Anayedai pesa ili akuandikishe ni mwizi.

Tufanye nini?

- Andika jina la mahali pamoja na teritware na mwaka. Ukitaka maneno yafuatane kama ulivyoyaandika, yatie ndani ya alama za kunukuu.
- Jaribu kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, na kwa namna zote za kuandika jina.
- Kabla ya kusoma habari yenyewe, tafuta tarehe yake na nani ameiandika. Isiyo na tarehe wala mwandishi, iache.
- Tafuta sauti ya pili. Sikiliza redio unayoiamini. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inatangaza pia kwa Kiswahili. Kisha pigia simu mtu aliyeko kule, ambaye unajua sauti yake.
- Kama umepotewa na mtoto, usianze kwa kuweka picha na jina lake kwenye intaneti, kwani wabaya nao wanasoma. Nenda kwa Msalaba Mwekundu. Kazi yao ya kutafuta jamaa waliotengana haina malipo.

Neno kwa viongozi

Baba na mama viongozi, neno mnalolitoa katika mkutano linakuwa amri kwa watu. Kabla ya kutangaza kwamba njia imefunguka, au kwamba jirani fulani wanajiandaa kushambulia, ulizeni mambo matatu: Nani amesema? Lini? Nani mwingine ameshuhudia? Mkikosa jibu la swali moja, waambieni watu wazi: "Bado tunachunguza." Hakuna aibu katika neno hilo. Uvumi uliosomwa kwenye simu unaweza kuwatenganisha majirani sawasawa na ule wa sokoni.

Intaneti ni msaada, tusiitupe. Tuitumie kama mpita njia anayetuletea habari: tunamkaribisha, tunamsikiliza, lakini tunamuuliza ametoka wapi na ameondoka lini. Haraka haraka haina baraka.