Kueleza Mabadiliko ya Kidonda cha Mwanafunzi

Mwalimu wa shule ya msingi hukaa na mtoto kutwa, na mara nyingi huwa wa kwanza kuona kwamba kidonda kimebadilika. Lakini kuona peke yake hakumponyi mtoto. Mganga wa zahanati na mzazi hutegemea maelezo ya mwalimu, nao hawahitaji maelezo ya namna moja.

Tuanze na mganga. Barua isemayo "kidonda kimekuwa kibaya" haimsaidii. Yafaa tuandike tulichokiona, si tunachokidhania: siku mtoto alipoumia na kilichomuumiza, mahali kidonda kilipo, upana wake, rangi, usaha, harufu, uvimbe, maumivu na homa. Kwa mfano: "Jumatatu kidonda kilikuwa na upana wa sentimita 2, leo Alhamisi ni 3. Kinatoa usaha, na ngozi ya kandokando ni ya moto." Hapo mganga huona mwendo wa kidonda. Tukumbuke kwamba juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo tuangalie zaidi joto na uvimbe.

Kwa mzazi tutumie njia nyingine. Katika Tunduma na vijiji vya jirani mkoani Songwe, mlezi aweza kuwa bibi aliyezoea Kinyamwanga kuliko Kiswahili. Hapo tumwombe mwalimu mwenzetu ajuaye lugha hiyo atufasirie, wala tusimtwike mtoto mgonjwa kazi hiyo. Tumwamkie bibi kwa heshima, tusimlaumu, tumweleze kilichobadilika, kisha tutaje jambo moja la kufanya: kumpeleka mtoto zahanati leo. Mwisho tumwulize, "Bibi, ukifika kwa mganga utamwambia nini?" Jibu lake litatuonyesha kama ametuelewa.

Iko hali isiyongoja barua. Mtoto akikaza taya au akishindwa kumeza, yawezekana ni pepopunda, ambayo kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya kuumia, hata kama jeraha limekwisha kufunga. Apelekwe hospitali mara moja, na mzazi apewe habari wakati huohuo.

Wanachuo wajizoeze hayo wawili wawili: mmoja amwandikie mganga, wa pili azungumze na bibi, juu ya kidonda kilekile. Darasa lipime kama kila msikilizaji amepata alichohitaji ili atende.