Reyoni moja ikivunjika, usingoje ya pili

Mudogo wangu anafanya kazi ya kubeba mawe kwa kinga. Wachimbaji wakitosha mifuko ndani ya shimo, yeye anafunga mumoja nyuma juu ya portbagaji na mumoja katikati ya kadri, kiisha anasukuma mpaka kwenye mto wanaposafishia, na toka pale mpaka kwa depo. Siku ya kwanza ya juma moja, wakati wa kurudia nyumbani, alisikia «tik!» ndani ya gurudumu ya nyuma. Reyoni moja, ile njiti ya chuma inayotoka katikati ya gurudumu mpaka kwenye janti, ilikuwa imekatika.

Nilimuambia aitengeneze ile magaribi. Akacheka:

— Yaya, nyuma kuko reyoni 40. Inabakia 39. Nitatengeneza siku ya posho, wakishalipa.

Siku ya posho haikumukuta na kinga. Siku ya tatu reyoni ya pili ilikatika, pembeni kabisa ya ile ya kwanza. Siku ya ine zikaenda mbili ingine. Siku ya tano, kwenye mutelemuko, gurudumu ilijikunja sawa namba nane. Yeye aliruka, akaumia goti tu, tunashukuru Mungu. Lakini mifuko ilipasuka, mawe yakachanganyika na changarawe ya barabara, na mwenye mifuko alimukata hasara yote. Akabakia tena na deni ya janti mupya. Bibi yake alikuwa anangojea zile franka kwa minervale ya watoto. Alisema neno moja tu:

— Baba batoto, hii kachuma kadogo njo kamekula masomo ya batoto?

Ndani ya miji yetu ya mugodi, kinga ndiyo inabeba mawe, makala, unga, bidon za maji, na siku ingine mugonjwa. Kwa hiyo leo tunaeleza namna gani ya kutengeneza reyoni, na zaidi, sababu gani haifai kungoja.

Namna gurudumu inabeba muzigo

Watu wengi wanafikiri reyoni inasimama chini ya muzigo sawa nguzo ya nyumba. Hapana. Reyoni ni nyembamba, ukiisukuma inajikunja. Nguvu yake iko katika kuvuta. Zote zinavuta janti kuelekea katikati, hizi kuume, zile kushoto, na ule uvutano wa pamoja ndio unafanya gurudumu ikuwe ngumu.

Kinga ikitembea, reyoni inayofika chini inalegea kidogo juu ya uzito, kiisha inakazika tena ikipanda. Gurudumu kubwa ya 28 inazunguka karibu mara 450 ndani ya kilometre moja. Basi kwa kilometre 10, kila reyoni imelegea na kukazika mara 4.500. Kamata waya, ukunje na kunyoosha, ukunje na kunyoosha: utaona inakatika bila kutumia nguvu mingi. Reyoni pia inachoka vile. Mara nyingi inakatika pale ilipokunjwa, kwenye tundu ya kitovu cha gurudumu, na zaidi gurudumu ya nyuma, upande wa pinyoni, kwa sababu ndiko uzito na nguvu ya sheni vinakutana.

Hapa iko neno kubwa: reyoni iliyolegea inachoka mbio kuliko ile iliyokazwa vizuri, maana yenyewe inachezacheza kila mara. Moja ikikatika, janti inaegama upande ingine, jirani wake wa upande wake wanachukua kazi yake, na wale wa upande ingine wanalegea. Wale waliofanya kazi chini ya udongo wanajua habari hii: muti moja wa kuegemeza ukitoka, miti ya pembeni ndiyo inalia.

Ukiwa njiani

Ikikatika mbali na nyumba, fanya hivi:

Simama mara moja. Tosha kile kipande, ao ukikunje na kukizungusha kwa reyoni ya pembeni, na kukifunga na kamba ya mupira. Kikibakia kinapepea, kinaweza kuingia ndani ya sheni na kufunga gurudumu.

Zungusha gurudumu kwa mukono. Kama janti inagusa fereni ao kadri, legeza fereni kidogo tu, na uende kwa miguu, maana fereni iliyolegezwa haikamate sawasawa.

Punguza muzigo. Reyoni moja imekatika, shuka chini na usukume. Zikiwa mbili ao zaidi, acha mifuko kwa mutu unayemuamini, urudie kuichukua. Ni afazali kuchelewa.

Kutia reyoni mupya

Chukua ile iliyokatika, vipande vyote viwili, na upime navyo kule sokoni. Reyoni mupya iwe na urefu uleule na unene uleule. Ikiwa ndefu, ncha yake itapita juu ya ekru na kutoboa mupira wa ndani. Ikiwa fupi, ekru itakamata meno machache tu, na siku ya muzigo itachomoka. Usihesabu kwamba reyoni za mbele na za nyuma ni sawa: kinga nyingi za zamani ziko na 32 mbele na 40 nyuma, na urefu unaweza kuachana.

Pindua kinga, tosha gurudumu, tosha mupira wa nje na wa ndani. Kama reyoni ilikatika upande wa pinyoni, lazima pinyoni itoke kwanza, na ile kazi inaomba funguo yake. Hapo uende kwa mufundi. Watu wengine wanakunja reyoni mupya ili wapitishe bila kutosha pinyoni. Ile iliyokunjwa imekwisha kupoteza nguvu mbele ya kuanza kazi.

Sasa angalia njia ya kupita. Usibahatishe. Reyoni zinapangwa kwa zamu, na kila ya ine inafanya kazi moja. Toka kwenye tundu tupu la janti, hesabu moja, mbili, tatu, ine: ile ya ine ndiyo pacha wake. Angalia kama kichwa chake kiko inje ao ndani ya kitovu, inapita juu ya reyoni gani na chini ya gani. Yako ifuate njia ile ile.

Tia tone la mafuta kwenye meno ya reyoni. Funga ekru kwa vidole mpaka ikatae, kiisha kamata funguo ya reyoni. Wengi wanakosa hapa. Inama juu ya gurudumu na uangalie kutokea upande wa mupira: kuzungusha kuume ni kukaza, kushoto ni kulegeza, sawa visi yoyote. Ukiangalia kutokea ndani itaonekana kinyume, na utalegeza wakati unafikiri unakaza. Usitumie pensi kama unaweza kupata funguo. Pensi inakula ekru, na kesho haitakamatika tena.

Kaza mpaka ilie sawa pacha wake. Piga zote mbili kwa kidole: iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyokazwa inatoa sauti nyembamba. Mwisho, pitisha kidole ndani ya janti. Kama ncha inapita juu ya ekru, ikate na uilainishe kwa tupa, kiisha rudisha kile kitambaa ao kamba ya mupira inayofunika ekru zote.

Kunyoosha janti

Rudisha gurudumu ndani ya kadri, kinga ikiwa imepinduliwa. Shika kipande cha chaki ao kijiti karibu na janti, na uzungushe polepole. Pale inapogusa ndipo imeegama.

Kama janti imeenda kushoto, kaza reyoni zinazotoka upande wa kuume wa kitovu pale pale, na ulegeze kidogo zile za kushoto. Robo ya mzunguko tu kwa mara moja, kiisha zungusha tena na uangalie. Mwenye haraka anakaza mara tatu, janti inaruka upande ingine, na anaanza kutafuta kosa ambalo amelitia mwenyewe.

Ukimaliza, kamata reyoni mbili mbili za upande moja na kuzifinya kwa nguvu, gurudumu yote. Utasikia zingine zinalia: zinajiweka pahali pao. Zungusha mara ya mwisho na unyooshe kile kilichobakia.

Kama kwa juma chache zimekatika reyoni tatu, ine, usiendelee kutia moja moja. Zile zingine zimechoka pamoja nazo. Nunua zote za gurudumu ile, na umupe mufundi aifume upya. Kutia reyoni nene ya moto kati ya nyembamba hakuponyeshi ugonjwa kama zile zingine zimebakia zimelegea.

Kazi ya siku ya Mungu

Mudogo wangu alipata kinga yake tena kisha juma mbili, na deni alilipa kwa mwezi muzima. Sasa ameshika kawaida mbili. Amefunga reyoni mbili za akiba kwenye chuma cha kadri, na kamba ya mupira, pamoja na funguo yake. Na kila siku ya Mungu kisha misa anapindua kinga mbele ya nyumba, na mutoto wake wa kwanza anapita anapiga reyoni moja moja kwa kidole. Inayotoa sauti nzito, anaita baba yake.

Ile kazi inakamata dakika kumi. Haiombe franka, na mutoto wa miaka munane anaiweza. Nyumba ambayo inakula bukari kwa nguvu ya kinga, basi zile dakika kumi zisikosekane.