Milango Mitatu ya Kanda

Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura, hapa Rohero, liliungua. Mfanya biashara aliyeweka daftari za madeni mahali pamoja na bidhaa alipoteza vyote viwili. Kwa hiyo nakala ya akiba yafaa ikae mbali na ile ya kwanza. Mimi, katika kazi ya kutunza kompyuta, napenda kanda ya sumaku, maana yaweza kutolewa mashinani na kupelekwa nyumba nyingine. Kanda moja ya LTO-9 huchukua terabaiti 18.

Lakini anayeanza kazi hii katika Linux mara nyingi huonyeshwa maneno haya: “Permission denied”, yaani umenyimwa ruhusa. Wengi hapo humfungulia kila mtu kila kitu. Si vema. Afadhali kuuliza kwanza ni mlango gani uliofungwa, maana iko mitatu.

Mlango wa kwanza ni mashine ya kanda. Linux huihesabu kuwa faili, na jina lake kwa kawaida ni /dev/nst0. Andika ls -l /dev/nst0 upate kujua mwenyewe ni nani. Mara nyingi ni root, na kundi ni tape. Ikiwa mtumiaji wa kazi hiyo anaitwa akiba, root aandike usermod -aG tape akiba. Herufi a isiachwe, la sivyo mtumiaji ataondolewa katika makundi yake mengine. Kisha atoke na kuingia upya, ndipo kundi jipya litambuliwe. Ukitumia chmod 666, yeyote aliye katika mashine ataweza kuifuta kanda. Tena kompyuta ikizimwa na kuwashwa, ruhusa hurudi kama zamani.

Mlango wa pili ni mafaili yenyewe. Kanda yaweza kukubali, lakini programu ya tar ikakataliwa kusoma mafaili ya watu wengine. Hatari yake ni kubwa, kwa kuwa tar huyaruka na kuendelea, nawe ukadhani nakala imetimia. Soma maonyo yote. Kunakili mashine nzima ni kazi ya root.

Mlango wa tatu hauhusu amri yo yote. Kwenye kasha la kanda pana kidude kidogo cha kuzuia maandishi. Kikiwa kimefungwa, utaambiwa “Read-only file system”. Itoe kanda, ukisogeze kidude, uirudishe.

Mwisho, rudisha kanda mwanzo kwa mt -f /dev/nst0 rewind, utoe faili moja, ulilinganishe na la asili. Wazee husema akiba haiozi. Lakini akiba ya kanda yataka kukaguliwa mara kwa mara. Wenzangu mnaotunza alama za wanafunzi au hesabu za ofisi, fanyeni hivyo kabla ya siku ya msiba.